Ya Kale Dhahabu: Njia ya Kompyuta kutoka Sekenke hadi Kwihara

Ukishauteremka mlima Sekenke ukitokea Singida, nchi inabadilika papo hapo. Mawe na vichaka vya Iramba vinabaki nyuma, na mbele inajitandaza mbuga ya Wembere: tambarare tupu, udongo mweusi unaonata wakati wa masika na kupasuka nyufa wakati wa kiangazi. Barabara kuu ya lami inapita Shelui, inakata mbuga na kuingia Igunga. Usiku na mchana malori yaendayo Rwanda, Burundi na Kongo yanafuatana hapa. Mizigo imepita katika nchi hii kwa karne mbili na zaidi. Kilichobadilika ni aina ya mzigo na anayeubeba.

Katika karne ya 19 njia kuu ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikavuka Ugogo, ikafika Unyanyembe, yaani Tabora ya leo, kisha ikaendelea hadi Ujiji. Kutoka Unyanyembe tawi lingine lilielekea kaskazini, kwenda Usukuma, Karagwe na Buganda. Richard Burton na John Speke waliingia Kazeh, kitovu cha biashara ya Unyanyembe, mwezi Novemba 1857. Mwaka uliofuata Speke alishika tawi la kaskazini, na Agosti 1858 akaliona ziwa ambalo wenyeji walikuwa wakilivua samaki tangu enzi za mababu zao. Vitambaa, shanga na waya wa shaba vilikwenda bara. Pembe za ndovu zilikwenda pwani, pamoja na watu waliotekwa na kuuzwa utumwani. Wapagazi wa Kinyamwezi ndio waliokuwa mhimili wa biashara hiyo, na mzigo wa mpagazi mmoja ulikadiriwa kuwa frasila mbili, kilo thelathini na ushee.

Nimeipita njia hii nikifuata nyayo za mzigo mwingine: kompyuta za zamani, zile zenye sanduku la rangi ya maziwa na monita yenye mgongo mrefu nyuma. Monita ya kioo ya inchi 17 ilikuwa na uzito wa karibu frasila moja. Ukiiweka pamoja na sanduku lake na kibodi, seti nzima ilikaribia mzigo kamili wa mpagazi. Zilifika Igunga, Nzega na Tabora juu ya malori, chini ya mabasi na ndani ya mabehewa. Zikafanya kazi katika ofisi, shule na hospitali za misheni. Sasa zinaondoka kimya kimya, zimepimwa kwa kilo kwenye mizani ya wanunuzi wa vyuma chakavu.

Wapo watu wanaozizuia zisiondoke. Wanazikusanya, wanazifungua, wanazisafisha na kuziwasha tena. Naamini kazi hiyo ni sehemu ya uandishi wa historia ya nchi hii, na inastahili heshima ileile tunayowapa wanaolinda majengo ya kale.

Sarafu ya Lulanguru

Nianze na dhahabu, kwa sababu Sekenke ni jina la dhahabu. Wakati wa utawala wa Wajerumani palikuwa na mgodi pale, na mwaka 1916 dhahabu yake ilifanya safari fupi yenye historia ndefu. Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa imepamba moto. Manowari za Waingereza zilikuwa zimeuziba mwambao, na fedha haikuweza kuletwa kutoka Ujerumani. Dhahabu ya Sekenke ikapelekwa kwenye karakana ya reli ya Lulanguru, mashariki mwa Tabora. Reli ya Kati ilikuwa imefika Tabora mwaka 1912, na mafundi pamoja na mashine zao walikuwapo.

Katika karakana hiyo, iliyokusudiwa kutengeneza treni, zikagongwa sarafu za rupia 15 zenye picha ya tembo aliyeinua mkonga na mlima nyuma yake. Zilitoka zaidi ya elfu kumi na sita. Zikagongwa pia sarafu ndogo za shaba za heller 5 na 20, kwa chuma chochote cha njano kilichopatikana. Septemba 1916 majeshi ya Wabelgiji yakaiteka Tabora, na kazi ikaishia hapo.

Leo wakusanyaji wa sarafu duniani kote wanalijua jina la Tabora kwa sababu ya tembo yule. Lakini siku zile, heller 20 ya shaba ilikuwa chenji ya sokoni tu. Nyingi zilipotea, nyingine ziliyeyushwa. Zilizobaki zina thamani kwa kuwa mtu fulani, mahali fulani, aliziweka sandukuni wakati wenzake hawakuona sababu ya kufanya hivyo. Wazee walisema ya kale dhahabu, na mimi naongeza kwamba dhahabu hiyo haijiokoti yenyewe: lazima awepo mtu wa kuitunza katika ile miaka ambayo kila mtu anaiona takataka. Kompyuta zetu za kwanza ziko katika miaka hiyo sasa.

Mashine ya kwanza na mlango uliofungwa

Kompyuta ya kwanza Tanzania ilifungwa Wizara ya Fedha, Dar es Salaam, mwaka 1965. Ilikuwa ICT 1500, iliyouzwa na kampuni ya Uingereza ya ICT, ingawa usanifu wake ulikuwa wa kampuni ya Marekani ya RCA, iliyoiita RCA 301. Mashine ya namna hiyo ilijaza chumba. Kumbukumbu yake ilikuwa wavu wa vipete vidogo vya sumaku vilivyotungwa kwenye nyaya, na uwezo wake ulianzia herufi elfu kumi hadi elfu arobaini. Makala hii unayoisoma ina herufi zaidi ya elfu kumi. Toleo dogo la mashine hiyo lisingeweza kuibeba yote kwa mara moja. Hata hivyo, mashine za aina hiyo ndizo zilizokabidhiwa hesabu za serikali na mishahara ya maelfu ya watumishi, dunia nzima.

Zikafuata nyingine chache. ICT yenyewe iliungana na wenzake mwaka 1968 ikawa ICL, na mashine zake za familia ya 1900 zikaingia nchini. Lakini jaribio la kuhamishia hesabu za serikali kwenye kompyuta halikwenda vizuri. Hesabu zilivurugika, wataalamu wengi walikuwa wageni, vipuri na matengenezo vilidai fedha za kigeni. Mwaka 1974, bei ya mafuta ikiwa imepanda ghafla duniani na nchi ikiagiza chakula kwa sababu ya ukame, serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta na vifaa vyake. Televisheni nazo zikaguswa na marufuku hiyo. Zanzibar ilikuwa na televisheni yake ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, lakini Bara ilisubiri hadi 1994 kuona kituo cha kwanza kikirusha matangazo.

Siwahukumu waliofanya uamuzi ule. Mwalimu Nyerere alisoma Tabora, na baada ya Makerere alirudi kufundisha Shule ya Mtakatifu Maria hapo hapo Tabora. Aliijua nchi ya wakulima wa pamba, karanga na tumbaku, na alijua dola moja ina kazi ngapi. Ninachotaka kukionyesha ni alama ambayo uamuzi huo umeiacha kwenye meza ya mkusanyaji wa leo.

Miaka ileile mlango ulipofungwa hapa, kwingineko ndipo kompyuta ilipokuwa inatoka kwenye vyumba vya serikali na kuingia sebuleni. Apple II ilitoka mwaka 1977. IBM ilitoa PC yake Agosti 1981. Mwaka 1982 zikatoka Commodore 64 na Sinclair ZX Spectrum, na mamilioni ya watoto wa Ulaya na Marekani wakajifunza kuandika programu wakiwa wamekaa mbele ya televisheni ya nyumbani. Watoto hao sasa ni watu wazima, na mashine hizo ndizo wanazozitafuta kwa udi na uvumba na kuzirudishia uhai. Wanautafuta utoto wao.

Mtoto wa Igunga wa 1982 hakuwa na Commodore. Masharti yalilegezwa taratibu katika miaka ya 1980, na kompyuta zikaanza kuonekana mikoani hasa katika miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000: za miradi, za wafadhili, za misheni, na za mtumba zilizokwisha kutumika Ulaya na Uarabuni. Kwa hiyo mkusanyaji wa huku hana sababu ya kuhangaika na orodha za wenzake wa London. Urithi wetu ni Pentium yenye Windows 95 au 98, printa ya sindano iliyopiga kelele chumba kizima, flopi ya inchi tatu na nusu yenye megabaiti 1.44, na stabilaiza iliyokuwa ikibofya kila umeme ulipoyumba. Hivyo ndivyo vitu ambavyo kizazi kizima cha makarani, walimu na wauguzi wa Tanzania kilijifunzia.

Mezani kwa fundi, Igunga

Igunga mjini nilikaribishwa na fundi mmoja aliyeanza na redio kabla ya simu kuja. “Mwangaluka, baba,” akanisalimu kwa Kinyamwezi, akanisogezea kigoda. Juu ya meza palikuwa na kompyuta ya mwaka 2000 hivi, imetolewa stoo ya ofisi iliyokuwa ikihama. Vumbi la Wembere lilikuwa limeganda kwenye feni mpaka mapanga yake hayaonekani.

Hakuiwasha. Jambo la kwanza alilonifundisha ni hilo: mashine iliyolala miaka mingi haiwashwi kwa pupa, kwa kuwa dakika moja ya umeme inaweza kumaliza kilichosalimika miaka ishirini. Aliifungua, akaisafisha kwa brashi laini, kisha akanionyesha safu ya kapasita kando ya prosesa. Tatu zilikuwa zimevimba kichwani, moja imetoa ute wa kahawia. Ugonjwa huo unajulikana duniani kote. Kati ya mwisho wa miaka ya 1990 na katikati ya miaka ya 2000 viwanda vingi vilitumia kapasita zenye kimiminika kibovu, na mashine kwa mamilioni zikafa nazo.

Alizing’oa moja moja kwa kisu cha kulehemu, akafyonza risasi ya zamani, akaweka mpya zenye maikrofaradi zilezile na volti sawa au zaidi, akiangalia mstari wa upande wa hasi ili asizigeuze. Akavuta kadi za kumbukumbu na kusugua meno yake kwa raba ya shule mpaka yakang’aa njano. Betri ya saa, ile ndogo kama sarafu, ilikuwa imekufa, akabadili. Katika mashine za zamani zaidi, za miaka ya 1980 na mwanzo wa 1990, betri hiyo ilikuwa ya pipa na ilivuja dawa iliyokula njia za shaba. Huko dawa ni matone ya siki ya kuua makali yake, kisha spiriti ya kusafishia.

Baada ya hapo alichukua balbu ya zamani ya wati 100 na kuiunganisha kwa mfululizo kati ya ukuta na pawa saplai. “Mzee, balbu hii ndiyo askari wangu,” akasema. “Ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, ujue kuna shoti ndani, zima haraka. Ikiwaka kidogo ikafifia, basi mgonjwa anapumua.” Iliwaka, ikafifia. Akaondoa balbu, akaichomeka moja kwa moja. Feni ikazunguka, spika ndogo ikapiga mlio mmoja, na kioo kikaanza kuhesabu kumbukumbu kwa tarakimu nyeupe juu ya weusi.

Monita yenyewe hakuifungua, na aliniambia kwa uzito kwamba asiye na ujuzi asithubutu. Kioo cha monita za zamani kinahifadhi umeme wa maelfu ya volti hata baada ya waya kuchomolewa ukutani, na umeme huo unaweza kuua. Kwenye hobi hii ujasiri usio na elimu ni hatari.

Kuhusu hadi diski alikuwa na kanuni mbili. Kwanza, nakala kamili ya diski inachukuliwa kabla ya kugusa chochote, maana diski ya umri huo inaweza kuwaka mara moja tu. Pili, majalada ya watu hayasomwi. Mishahara, majina ya wagonjwa na barua za kazi vinarudishwa kwa wenyewe au vinafutwa kwa idhini yao. Programu ndizo za kuhifadhi. Na humo kuna hazina: mashine za umri huu ndizo zilizoweza kupokea Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili iliyotolewa mwishoni mwa 2004 na mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kuiona kompyuta ikizungumza Kiswahili kwenye menyu zake zote, kwa kazi ya Watanzania wenyewe, kunanipa fahari hadi leo. Anayeipata programu hiyo katika diski ya zamani asiifute. Hicho ni kitabu cha kwanza katika maktaba ambayo bado hatujaijenga.

Plastiki iliyogeuka njano nayo ina tiba. Wapenzi wa kompyuta za zamani huipaka maji ya haidrojeni peroksaidi na kuianika juani, rangi ikarudi kuwa nyeupe. Wenzetu wa nchi za baridi hununua taa maalumu kwa kazi hiyo. Igunga jua lipo mwaka mzima, bure.

Kwihara na Bletchley

Kutoka Igunga nilipitia Nzega, nikashuka kusini kwa Puge mpaka Tabora, njia ya miembe. Kusini-magharibi mwa mji, kilomita chache tu, ndipo lilipo tembe la Kwihara. Stanley alifikia Unyanyembe mwaka 1871 akimtafuta Livingstone. Februari 1872, wakiwa wameshaonana Ujiji, walirudi hapa pamoja. Stanley akaondoka kwenda pwani mwezi Machi. Livingstone akabaki akingoja wapagazi na mahitaji, hadi Agosti 25 aliposhika njia ya safari yake ya mwisho.

Tembe linaloonekana leo limejengwa upya kwa mfano wa lile la zamani, na sasa ni makumbusho. Hakuna anayeuliza kwa nini nyumba ya udongo irudishwe. Watu wanaelewa kwamba ukikaa ndani ya kuta zile nene, chini ya paa bapa, unafahamu jambo kuhusu maisha ya njia ya misafara ambalo kitabu peke yake hakikupi. Kompyuta iliyofufuliwa ina elimu ya namna hiyo. Kijana aliyezaliwa na simu janja mkononi akikaa mbele ya Windows 98, akasubiri dakika mbili iwake, akaandika barua na kuihifadhi kwenye flopi, anaelewa kwa vidole vyake tumetoka wapi. Anaelewa pia kwamba mashine inaweza kufunguliwa, kusomwa na kutengenezwa. Fundi hodari huanzia hapo.

Kwingineko jambo hili limefika mbali. Huko Bletchley, Uingereza, Makumbusho ya Taifa ya Kompyuta iliiwasha tena mwaka 2012 mashine ya Harwell Dekatron, iliyoanza kazi mwaka 1951, baada ya miaka ya kazi ya watu wa kujitolea. ICT 1301, mashine ya mwanzoni mwa miaka ya 1960 kutoka kampuni ileile iliyotuuzia ya kwetu, nayo iliokolewa na kufufuliwa na wapenzi. Waliofanikisha mambo hayo wengi walikuwa wahandisi wastaafu. Walizijua mashine hizo walipokuwa vijana na walikuwa bado hai.

Hilo ndilo linalonikosesha usingizi. Karani aliyekuwa na miaka 25 mwaka 1965, aliyetoboa kadi au kulisha mashine ile Wizara ya Fedha, sasa ana miaka zaidi ya themanini. Kila mwaka tunapoteza watu wanaojua mlio wa mashine zile, namna zilivyoharibika, nani alizitengeneza na siku ambayo hesabu zilikataa kulingana. Mali bila daftari huisha bila habari, na historia nayo ni mali.

Tufanye nini

Sisemi kila boksi bovu liwekwe sebuleni. Kioo cha monita za zamani kina madini ya risasi, na kuchoma nyaya ili kupata shaba kunatoa moshi wa sumu. Tanzania ina Kanuni za mwaka 2021 za udhibiti wa taka za vifaa vya umeme na elektroniki, na mashine nyingi zinapaswa kwenda kwa wenye leseni ya kuzichakata. Lakini kabla ya lori kuondoka, zichaguliwe chache, moja hapa na moja pale, zenye hadithi inayojulikana.

Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano umeshapita mkoani Tabora, ukibeba kwa sekunde moja shehena ambayo misafara yote ya karne ya 19 isingeimaliza. Vijana wa Igunga wanafanya biashara kwa simu. Ni wakati mzuri wa kuhifadhi, kabla hatujasahau kwamba ilikuwapo siku ya kwanza.

Kwa hiyo nawaomba wakuu wa shule, waganga wafawidhi, viongozi wa vyama vya ushirika na makatibu wa parokia na misikiti: fungueni stoo zenu. Mkiikuta kompyuta ya kwanza ya taasisi yenu, msiiwashe na msiiuze. Andikeni kwenye karatasi ilikuja mwaka gani, ililetwa na nani, ilifanya kazi gani na nani aliitumia, kisha gundisheni karatasi hiyo ubavuni mwake na mwiteni fundi anayejua kazi yake. Makumbusho zetu, ile ya Kwihara ikiwemo, ziitengee kona moja. Na wewe uliyefanya kazi na mashine hizo miaka ya 1960 na 1970, au unayemjua aliyefanya, keti naye wiki hii na umrekodi. Ushahidi wake hauna kipuri mbadala.